Kurasa Nne za Mzee Shija

Kabula, binti wa Mzee Shija, alinipigia simu asubuhi ya Jumanne. Hakulia. Alisema, "Dada Leokadia, baba ametangulia," na kabla sijamaliza kumpa pole akaongeza kwamba maziko ni Alhamisi, pale pale nyumbani Usagara, na kwamba familia imekaa ikaamua wasifu wa marehemu niuandike mimi. Nilimuuliza kwa nini mimi. "Si wewe ndiye mwandishi tunayemjua?" Jibu lilikuwa jepesi mno. Nimeandika habari za magazeti maisha yangu yote ya kazi, na kazi hiyo imenifanya niogope majibu mepesi. Nilibaki na simu mkononi nikijiuliza Kabula anajua nini, amekijua lini, na nani amemwambia.

Nilifika Jumatano mchana. Viti vya sebuleni vilikuwa vimetolewa nje, mikeka imetandikwa ukuta hadi ukuta, na kina mama wamekaa juu yake miguu wameinyoosha. Kabula alinipeleka kwenye chumba cha baba yake, penye meza ndogo na dirisha linalotazama zizi, akaniletea ugali wa muhogo na sato wa mchuzi. Akaketi kitandani akaanza kunitajia: mahali alipozaliwa, shule, ubatizo, ndoa, watoto sita na wawili kati yao marehemu. Nilikuwa naandika huku nakula kwa mkono mwingine. Tulipofika kwenye kazi alipunguza sauti. "Hapo andika tu kwamba alifanya kazi ya masjala kwa uaminifu, halafu akastaafu." Alilisema hilo akimtazama samaki. Yeyote aliyehudhuria misiba ya huku kwetu anajua mpangilio wa wasifu: kuzaliwa, elimu, ndoa, kazi, ugonjwa, idadi ya wajukuu. Hakuna marehemu aliyewahi kufukuzwa kazi. Wote walistaafu. Lakini Mzee Shija hakustaafu. Aliondolewa, na taarifa iliyomwondoa niliiandika mimi, nikiwa na umri wa miaka ishirini na mbili.

Mwaka ule kulikuwa na maandalizi ya sikukuu kubwa ya Uhuru, na watu kadhaa wenye nafasi zao mjini waliunda kamati ya kuandika kitabu cha historia ya mkoa, ili kizinduliwe siku ya sherehe. Walihitaji mtu wa kusoma majalada ya zamani na kunakili. Mwenyekiti wao, Mwalimu Magesa, alikuwa mkuu wa shule, mtu wa suti ya kijivu na sauti ya kusikika hadi dawati la nyuma. Alikuwa amenifundisha, na alikumbuka kwamba madaftari yangu yalikuwa na pambizo zilizopigwa kwa rula. Nadhani hiyo ndiyo sifa pekee iliyonipa kazi. Majalada yenyewe yalikuwa kwenye jengo moja la mawe upande wa Mirongo, mali ya ofisi ambayo sitaitaja. Lilikuwa na chumba kirefu chenye rafu hadi darini, na harufu ya popo na gundi iliyokauka. Mlangoni alikaa mtunza masjala, Mzee Shija, mtu mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Kamati ya kitabu."

"Kamati haina miguu. Nani?"

"Mwalimu Magesa."

"Aha. Nioneshe mikono."

Nilimwonesha. Akanituma nikanawe. Nilipata mafunzo yangu ya kwanza ya kazi asubuhi ile ile, nikiwa na mikono inayodondosha maji. Kila karatasi inayoingia kwenye jalada hupewa namba kwa wino mwekundu, kona ya juu kulia, na namba hiyo haibadilishwi hata dunia ipinduke. Jalada likitoka kwenye rafu, kadi inabaki mahali pake ikiwa na jina la aliyelichukua. Chai haiingii ndani. Saa tisa na nusu hufungwa, na yeye ndiye mwenye saa. Alikuwa na rula ya mbao aliyoigonga kwenye fremu ya mlango kuashiria muda. Nilimpenda kwa utaratibu wake, halafu ndani ya wiki moja nikaanza kumtilia shaka kwa sababu hiyo hiyo. Kila niliponyanyua macho, alikuwa ananitazama, na hakuwa akitazama uso wangu. Alikuwa akisoma mgongo wa jalada nililolishika, kujua ni lipi. Nikaanza kuandika kwenye daftari langu saa anazotoka na saa anazorudi.

Kamati ilikutana kila Jumatano jioni nyumbani kwa Mwalimu Magesa, Mkuyuni, sebuleni kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, huku mkewe akipitisha chai ya maziwa na maandazi. Mimi nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, nikisoma nilichonakili wiki ile. Walibishana sana. Kila mmoja alitaka mtemi wa kwao ndiye aliyetangulia kukataa kodi, na mtemi wa mwenzake ndiye aliyetangulia kuilipa. Bwana Deusi, mfanyabiashara wa pamba, mwenye kicheko cha kutikisa vikombe, alikuwa hodari wa kukumbuka aibu za koo za wengine. Ugomvi ukizidi, Mwalimu aliinua kidole na kusema, "Tuandike kila kitu. Historia haina aibu." Nililipenda sana neno hilo. Nililiandika ndani ya jalada la daftari langu na kulipigia mstari.

Mwezi wa saba nikafikia jalada lenye mihtasari ya baraza la zamani, enzi za watemi. Ukurasa wa thelathini na nane na wa thelathini na tisa ulisimulia jinsi mganga mmoja alivyozungushwa vijijini kuwataja wachawi, na jinsi baraza, kwa kuhofia wanawake waliotajwa wasije wakauawa, lilivyoamuru wahamishwe wao na watoto wao wakaishi mbali. Sentensi ya mwisho ilisema: orodha ya waliotajwa, vijiji vyao na watoto wao imeambatishwa, ukurasa wa arobaini hadi arobaini na tatu. Nilikuwa na kidole kwenye kona ya karatasi, tayari kufunua, rula ilipogonga mlango. Saa tisa na nusu. "Kesho," alisema Mzee Shija, akalichukua jalada mkononi mwangu, akalitazama mgongo, akalirudisha mwenyewe.

Ilikuwa Jumatano. Jioni ile niliisomea kamati kurasa zile mbili, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyebishana. Mwalimu alisema hiyo ni sura nzima ya kitabu. Bwana Deusi alisogea hadi ukingoni mwa kochi.

"Majina yapo?"

"Yapo, ukurasa wa arobaini. Nitayanakili kesho."

"Na watoto wao?"

"Na watoto."

"Heh! Basi wapo wale jirani zangu wa kule Misungwi. Yule bibi yao nilijua tu. Macho yale mekundu!" Akacheka, vikombe vikatikisika, na mtu mwingine akasema yeye pia ana ukoo anaoushuku na angependa kuuhakikisha. Mke wa Mwalimu alisimama na birika mkononi bila kumimina. Niliyaandika maneno yote, kwa sababu nilikuwa naandika kila nilichokisikia. Sikuyafikiria.

Asubuhi iliyofuata jalada lilitoka ukurasa wa thelathini na tisa likaenda wa arobaini na nne. Hapakuwa na karatasi iliyochanwa. Uzi wa jalada ulikuwa umefunguliwa na kufungwa tena vizuri, kwa fundo safi. Kadi haikuonyesha jina la mtu yeyote. Nilikwenda mlangoni nikamwonesha Mzee Shija. Alirekebisha miwani yake, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Hazipo," alisema. Hakuuliza ni zipi.

Mchana ule alinikaribisha chakula, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya. Alikula nje ya kizingiti, kwa kuheshimu kanuni zake mwenyewe, kutoka bakuli la bati lenye michembe iliyochemshwa na karanga za kutwanga. "Kalibu, ng'wanone," alisema. Kisukuma cha kwao humwita hivyo mtoto unayemwona kama wako. Viazi vile vikavu vilikuwa vitamu, na nilivila kwa tahadhari, kama mtu anayepewa rushwa.

"Ukiyapata yale majina, utayafanyia nini?"

"Yatachapwa kitabuni, mzee."

"Na wajukuu wao? Wengine wapo hapo hapo, watu wameshasahau walikotoka."

"Historia haina aibu," nikamjibu.

Alitafuna. "Kuna bibi mmoja kule kwetu. Amepikia mavi ya ng'ombe maisha yake yote, kuni hakuna. Moshi ule unajua unavyofanya macho. Mekundu kama kaa la moto." Akanisogezea bakuli. "Mwezi uliopita walimkuta amekufa mlangoni kwake."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hakuwa mgonjwa."

Ninalo daftari lile hadi leo. Tarehe ya siku ile, kwa mwandiko wangu wa kujiamini, nimeandika: *Anabadilisha mada.*

Nilitafuta sababu, na sababu ikaja imefungiwa karanga. Kwenye lango la jengo alikaa mama mmoja akiuza karanga za kukaanga kwenye vikaratasi alivyovikunja kama pembe. Wote tulinunua kwake. Siku chache baadaye nilimaliza za kwangu, nikakunjua karatasi ili niitupe, na kwenye kona ya juu kulia nikaona namba kwa wino mwekundu. Nilimuuliza yule mama karatasi anazipata wapi. "Kwa Mzee wa ndani humo. Ananipa tu, ni mtu mwema." Kwangu neno "ananipa tu" lilitosha. Kwa wiki mbili nilinunua karanga ambazo sikuzila. Nilinyoosha vikaratasi, nikavipanga kwa namba zake nyekundu, nikavibandika kwenye karatasi nyeupe, nikaandika taarifa ya kurasa tatu kwa mashine ya chapa ya shuleni. Nilieleza kwamba mtunza masjala huuza nyaraka za umma kwa wafanyabiashara, na kwamba kurasa nne za baraza ni miongoni mwa alizouza. Hakuna kitu nilichoandika maishani kilichopangika vizuri kuliko taarifa ile. Mwalimu Magesa aliisoma mara mbili akasema, "Wewe si wa kunakili. Wewe ni wa gazetini."

Walimwita. Kikao kilifanyika mle mle masjala, na niliruhusiwa kukaa nyuma kwa kuwa mimi ndiye shahidi. Mkubwa wa ofisi alimwonesha vile vikaratasi. Mzee Shija aliviinamia, na nadhani aliona mara moja kosa langu lilipokuwa, kwa sababu alinigeukia, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza, kama mtu anayesubiri mwenzake aseme. Sikuelewa. Nilidhani ananitisha. Mkubwa akasema vikaratasi tuviache, anataka jambo moja tu: kurasa nne ziko wapi? Zikirudi leo, mambo yataisha hapa hapa.

Alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Kila mtu mle ndani alilijua hilo.

"Zimepotelea mikononi mwangu," alisema. Akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaiweka mezani, akaweka rula kando yake, akasimama. Wiki ile ile alikuwa amerudi Usagara.

Kitabu kilizinduliwa siku ya Uhuru, uwanjani, kukiwa na gwaride la wanafunzi na ngoma za makundi mawili ya Wasukuma yanayoshindana, moja likicheza na nyoka, watoto wakikimbia nyuma kila nyoka anapoinuliwa. Sura ya baraza haikuwemo. Jina langu lilikuwemo, kwenye ukurasa wa shukrani, mstari wa mwisho. Nilikuwa nimekwisha kupata nafasi gazetini kwa barua ya Mwalimu Magesa. Yule mama wa karanga alikuwa amehamishia biashara yake uwanjani siku hiyo, nikanunua karanga, na safari hii, kwa kuwa sikuwa tena na kesi ya kujenga, nilikula na nikaisoma karatasi. Ilikuwa tangazo la chanjo ya ng'ombe. Nikanunua nyingine: tangazo lile lile. Ya tatu, lile lile, namba nyekundu tofauti.

"Mama, hizi bado unazo? Mzee si aliondoka?"

"Alinipa bunda zima, mwanangu. Yalichapwa mengi kuliko ng'ombe wenyewe." Akacheka. "Alisema hayana kazi, ila ayahesabu kwanza. Hata takataka yule mzee anaihesabu."

Kwa wiki mbili nilikuwa nimesoma namba bila kusoma maandishi. Ngoma zilikuwa zinapigwa, Mwalimu alikuwa jukwaani akisema historia haina aibu, na mimi nilikuwa na vikaratasi vitatu vya chanjo ya ng'ombe mkononi. Nilivikunja nikavitia mfukoni. Nilijiambia kwamba vyovyote iwavyo, kurasa nne hazipo, na aliyezichukua ni yeye. Hilo lilikuwa kweli, na nililifanya linitoshe kwa miaka mingi.

Baadaye sana, nikiwa njiani kwenda kazini wilayani, gari letu lilisimama njia panda ya Usagara, na nikamwona amekaa kwenye benchi nje ya duka la pembejeo. Nilimsalimia. Akaniitikia, "Marahaba, mikono umenawa?" Toka siku ile nikawa napita kwake mara mbili au tatu kwa mwaka. Nilikwenda kila mara nikiwa nimepanga maneno ya kukiri, na nikarudi kila mara na mfuko wa michembe. Hakuwahi kugusia jambo lile. Nilimshuku kwamba ananisubiri nianze, kisha nikamshuku kwamba amesahau, kisha nikashuku kwamba huo wema wake wote ni namna ya kunilipizia. Mtu akiwa na hatia huona mtego hata kwenye viazi.

Sasa nilikuwa chumbani kwake, wasifu umesimama kwenye neno "kazi", na Kabula bado ameketi kitandani. Nilimwambia siwezi kuandika alistaafu.

"Najua," alisema. "Nilitaka kuona kama utaandika."

Akainama, akavuta chini ya kitanda kopo la biskuti, akatoa bahasha ya kaki. Ndani mlikuwa na karatasi nne, laini kama kitambaa kwa uzee, na kona ya juu kulia ya kila moja namba kwa wino mwekundu: 40, 41, 42, 43. "Baba alisema upewe wewe akishaondoka. Alisema unajua mahali pake. Ila zirudi siku ambayo bibi mwenye macho mekundu atapita njiani na mtu asigeuke kumtazama. Kabla ya hapo, zisirudi."

"Wewe umezisoma?"

"Alinikataza. Wewe alisema utasoma tu, hata akikataza."

Nilisoma. Majina, vijiji, watoto. Na sitaficha nilichokitafuta kwanza: nilimtafuta mama yake. Mama, nyanya, shangazi, mkwe, mtu yeyote wa kwao ambaye kwa ajili yake ingempasa kuficha. Tabia ile ile, mkono ule ule unaotafuta sababu chafu. Nilipitia kurasa zote nne mara mbili, kidole juu ya kila mstari, na hakukuwa na mtu wake hata mmoja. Wote walikuwa watu wa wengine. Jina moja la ukoo kwenye ukurasa wa arobaini na mbili nililitambua. Dirishani, kando ya zizi, mama mmoja wa ukoo huo alikuwa amechuchumaa na wenzake wakimenya mihogo ya waombolezaji, wanataniana juu ya nani ana kisu butu. Nilizirudisha kwenye bahasha, bahasha nikaitia kwenye mkoba, mkoba nikaufunga zipu.

Alhamisi, baada ya sala, nilipewa kipaza sauti. Nilisoma kuzaliwa, shule, ndoa na watoto. Nilipofika kwenye kazi nilisoma kama nilivyoandika: "Aliondolewa kazini akiwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Aliondolewa kwa taarifa iliyosema anauza nyaraka za ofisi. Taarifa hiyo niliiandika mimi. Hakuuza hata karatasi moja. Nililijua hilo siku ya Uhuru ya mwaka ule ule, na nikanyamaza." Mchungaji alitazama saa yake. Kabula alikuwa anatazama mbele, mikono mapajani.

Nilipomaliza idadi ya wajukuu, mtu aliyekaa kwenye kiti cha plastiki mstari wa mbele aliinua kidole. Alikuwa Mwalimu Magesa, amezeeka, suti ya kijivu imemzidi, fimbo katikati ya magoti. Sikuwa nimejua kwamba yupo. Sauti bado ilifika nyuma.

"Leokadia. Kama hakuuza, zile kurasa nne zilikwenda wapi?"

Vichwa vyote viligeuka, na vya kina mama wa mihogo vilevile. Mkoba ulikuwa begani mwangu. Kwa mara ya kwanza nilielewa uzito wa swali lile kwa mtu anayelijua jibu, na jinsi jibu lenyewe lilivyo fupi.

"Zimepotelea mikononi mwangu, Mwalimu," nilisema, nikarudisha kipaza sauti.